Zulia la Kale na Zulia la Zamani

Lugha yetu si maskini wa maneno ya kutaja umri wa vitu. Twasema kitu cha zamani, twasema kitu cha kale, tena twasema kitu kikuukuu, na mtu mwenye sikio la lugha hayachanganyi maneno hayo matatu. Miongoni mwa watu wa zamani wamo tuliowaamkia na kupokea dua zao. Watu wa kale hatukuwaona sisi, wala babu zetu hawakuwaona. Ama kuukuu, hilo si neno la umri bali ni neno la hali. Shati la fundi wa magari huwa kuukuu kabla ya mwaka kwisha, na sinia ya shaba ya bibi yaweza kuwa ya kale bila kuwa kuukuu hata kidogo.

Katika vyombo vingi vya nyumbani mtu akikosea maneno hayo hapotezi kitu. Katika mazulia yaliyofumwa kwa mkono aweza kupoteza thamani ya nyumba nzima. Mfano wa hasara hiyo upo, nao umetoka Ujerumani, tutaufikia. Kwanza nieleze kisa cha karibu.

Mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ameiandikia safu hii barua ndefu, naye ameniruhusu niyataje yaliyomo bila ya kutaja jina lake. Marehemu baba yake alikuwa mfanyabiashara, na katika safari zake alikuwa akifika hadi pwani. Amewaachia wanawe watatu nyumba, na ndani ya nyumba mazulia mawili. Moja alilinunua Mombasa mwaka 1968 kwa mabaharia wa jahazi lililotoka Ghuba. La pili halina historia. Siku moja lilionekana chumba cha wageni, na hakuna aliyeuliza. Hivi karibuni amepita mchuuzi anayezunguka nyumba kwa nyumba kununua vyombo, akayatazama yote mawili, akasema ni makuukuu, na akatoa bei ambayo mama huyo anaipima kuwa sawa na magodoro mawili. Yeye alitaka kukubali. Lakini kaka yake aliona tarakimu za Kiarabu zimefumwa pembeni mwa zulia la Mombasa, akazinakili na kumpelekea mwalimu wa chuo, naye akamsomea: 1354. Tangu siku hiyo kaka anashikilia kwamba zulia limefumwa mwaka 1354, kwamba lina umri wa karibu miaka 670, na kwamba haliuzwi hata kwa bei ya gari. Mdogo wao wa kiume, aliyechoshwa na ugomvi, ametoa shauri la tatu: yakatwe, kila mtu achukue kipande chake. Mama anaeleza kwamba tangu matanga yaishe ndugu hao hawajala chakula pamoja, na mazulia yako chini ya kitanda.

Yafaa basi tujue kwanza maneno haya yana maana gani kwa watu wanaoyatumia kwa ajili ya fedha.

Zulia la kale, kwa kipimo kinachofuatwa na forodha za nchi nyingi duniani, ni lile ambalo umri wake umezidi miaka 100. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, ambayo ndiyo inayotumiwa pia katika ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vitu vya kale vya umri huo vimetengewa fungu lake, fungu la 97.06, mazulia mengine yote yamo katika sura ya 57. Ofisa wa forodha hana fungu la vitu vya zamani. Zulia la miaka 99 huingia mlango uleule na zulia lililotoka kwenye kitanda cha mfumi juzi.

Marekani iliwahi kuuweka mpaka huo kwa namna nyingine. Sheria yake ya ushuru ya mwaka 1930 ilisema kwamba cha kale ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1830. Mpaka huo ulikuwa kama kigingi kilichopigwa ardhini, na kila mwaka uliopita ulizidi kukiacha nyuma. Mwaka 1966 kigingi kiling'olewa, ikawekwa miaka 100, na mpaka ukaanza kutembea pamoja na kalenda.

Ama zulia la zamani halina sheria inayolilinda. Wafanyabiashara wengine huanza kuliita hivyo likifika miaka 20, wengine hungoja 40, na wote hukoma kwenye 99. Wako pia wanaotenga daraja la katikati, la mazulia ya miaka 50 hadi 99, wakayaita nusu-kale. Kwa hiyo muuzaji akikwambia zulia lake ni la zamani, hajakwambia neno. Muulize anakusudia miaka mingapi, na aiandike kwenye stakabadhi. Akisita kuandika, umekwisha jibiwa.

Wala msomaji asidhani kwamba umri peke yake ndio bei. Yako mazulia ya miaka 110 yaliyofumwa haraka kwa ajili ya kuuzwa nje, sufu hafifu na rangi mbaya, yasiyofikia thamani ya zulia jema la mwaka 1950. Umri ni swali la kwanza tu. Yanafuata mahali lilipofumwa, ufundi wake, rangi zake, uzima wake, na uchache wa yanayofanana nalo. Lakini swali la kwanza lisipoulizwa, hayo mengine hayaulizwi kabisa, na hapo ndipo lilipotokea jambo la Ujerumani.

Mwaka 2009 mtu mmoja alipeleka zulia kwenye mnada katika mji wa Augsburg. Halikuwa kubwa la kushangaza. Upana wake ulizidi kidogo tu mita moja na nusu. Dalali alilikadiria euro 900. Siku ya mnada wanunuzi wakashindana mpaka likafika euro 19,700, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba wako watu ukumbini waliojua asichokijua dalali. Mwezi wa Aprili 2010 zulia lilelile liliuzwa London, katika nyumba ya mnada ya Christie's, kwa paundi milioni 6.2. Lilikuwa zulia la Kerman, kusini ya mashariki ya Iran, la karne ya 17. Aliyekuwa mwenye mali akamshitaki dalali wa Augsburg, na mwaka 2012 mahakama ya mji huo ikakataa madai yake: dalali anayenadi vitu vya kila namna, ilisema, hawezi kudaiwa elimu ya bingwa wa mazulia. Na wala bei ile haikuwa ya kubahatisha, kwa kuwa mwezi wa Juni 2013 zulia jingine la Kerman la karne hiyohiyo lilifikia dola milioni 33.7 mjini New York.

Sidai kwamba chini ya vitanda vya Buyenzi kuna mazulia ya karne ya 17. Ninalosema ni kwamba mahakama haikumrudishia mwenye mali hata senti, na aliyemwamini mtu mmoja bila kuuliza wa pili alikuwa raia wa nchi tajiri yenye vyuo vikuu na majumba ya makumbusho.

Sasa tuje kwenye kulitazama zulia lenyewe. Neno letu zulia limesafiri kwa njia ileile ya mali yenyewe. Waarabu wa Ghuba husema zuliya, na Waajemi wana zilu, tandiko lao la pamba. Majahazi yaliyokuja pwani kwa upepo wa kaskazi yaliteremsha tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, yakarudi na boriti kwa upepo wa kusi. Ndiyo sababu katika nyumba nyingi za pwani, na za bara zilizokuwa na ndugu pwani, zulia la Kiajemi si jambo la ajabu.

Zulia la fundo ni sanaa yenye umri mkubwa mno. La kale kuliko yote yaliyohifadhika karibu zima lilichimbuliwa mwaka 1949 katika kaburi lililoganda barafu huko Pazyryk, milima ya Altai, nalo limewekwa katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Lina umri unaokaribia miaka 2,400, na ufundi wake hautofautiani na wa leo. Mfumi hutandika nyuzi za mtande kwenye kitanda chake toka juu hadi chini. Kisha hufunga uzi mfupi wa sufu katika nyuzi mbili za mtande, akaukata, akafunga mwingine, mpaka mstari uishe. Halafu hupitisha uzi wa mshindio na kuugongagonga kwa kitana. Zulia zuri la sebule laweza kumchukua mwaka na zaidi.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji elimu yoyote: lipindue. Zulia la mkono huonyesha nyuma maua yote yaliyo mbele, fundo kwa fundo, na mistari ya mafundo haikunyooka kama rula. Matamvua yake si pambo lililoshonewa. Ni ncha za nyuzi za mtande zilizotoka katika tumbo la zulia lenyewe. Ukiona nyuma pamebandikwa kitambaa kigumu kwa gundi, au matamvua yameshonwa kwa cherehani, hilo ni la mtambo. Ubelgiji imekuwa hodari sana wa mazulia hayo, na mengi yamefumwa kwa nakshi za Kiajemi zinazomdanganya atazamaye kwa mbele tu. La mtambo nalo huzeeka, lakini uzee wake hauna mnunuzi.

Jaribio la pili ni rangi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa pana kalenda iliyofichwa ndani ya sufu.

Hadi katikati ya karne ya 19 wafumi wote walipata rangi zao kwa mimea na wadudu. Nyekundu ilitoka katika mizizi ya mmea ambao Waajemi huuita ronasi, buluu ilitoka katika nili, kahawia katika maganda ya jozi, manjano katika maua ya mwituni na maganda ya komamanga. Sufu ilichemshwa kwanza na shabu ili rangi ishike. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata, ila chupani mwake ilibaki rangi ya zambarau. Hiyo ndiyo rangi ya viwandani ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Katika miaka michache tu rangi za namna hiyo zilikwisha fika katika masoko ya Uturuki na Uajemi. Zilikuwa rahisi, tena zilikuwa dhaifu: zambarau ikageuka kijivu juani, nyekundu ikachuruzika majini.

Basi tanua nyuzi za zulia kwa vidole viwili mpaka uone shina lake, hasa palipo na zambarau, rangi ya chungwa au waridi. Ikiwa shinani rangi inawaka na nchani imekufa, kama kwamba ni nyuzi mbili mbalimbali, basi hapo pana rangi ya viwandani ya mwanzo, na zulia hilo haliwezi kuwa limefumwa kabla ya 1856. Ikiwa rangi inapungua polepole toka shina hadi ncha, yaelekea ni ya mimea. Yaelekea, nasema, na wala haithibitishi umri, kwa sababu mafundi wa mimea hawakwisha. Tangu mwaka 1981 huko kaskazini ya magharibi ya Uturuki, chini ya mradi uitwao DOBAG, wanavijiji walirudia kufuma kwa rangi za mimea kama bibi zao. Zulia lao la miaka arobaini lina rangi za miaka mia mbili.

Rangi nyeusi na kahawia iliyokoza ina siri yake. Ya zamani ilitiwa kwa madini ya chuma, na chuma huila sufu kidogo kidogo. Pitisha kiganja juu ya zulia la umri mkubwa, utahisi mistari myeusi imebonyea kama vijia, na maua yamesimama pande zote mbili. Walaghai hukata mistari hiyo kwa mkasi ili kuiga, lakini mkasi huacha ncha zilizolingana, kuoza hakulinganishi.

Ulaghai katika biashara hii una ustadi wake. Mazulia mapya huoshwa kwa dawa za kupausha, huchovywa katika maji ya chai, huanikwa juani kwa majuma, hata hutandazwa njiani yakanyagwe. Hata zulia jema laweza kupakwa uso mwingine. Katika miaka ya 1920 wateja wa Marekani walipenda mazulia ya Sarouk, ila walitaka nyekundu iliyoiva kuliko waliyoitia Waajemi. Wafanyabiashara wa New York wakayapausha mazulia hayo kisha wakayapaka rangi upya kwa brashi, ua kwa ua. Hapo tena dawa ni kupindua. Mgongo haukupakwa, kwa hiyo mgongo husema rangi aliyoifuma mfumi. Kadhalika chukua kitambaa cheupe kibichi, sugua polepole pembeni. Kikipata rangi, jihadhari.

Na uchakavu? Tazama ulipo. Nyumba ya watu ina mlango, ina kiti cha mzee, ina mahali pa kupita. Zulia lililoishi humo limechakaa mahali na kusalimika mahali. Lililochakaa sawasawa kutoka pembe hadi pembe halikukanyagwa na watu, limesuguliwa.

Tumebakiwa na tarehe, ambayo ndiyo iliyowafarakanisha ndugu zetu wa Buyenzi. Nawasifu kwa jambo moja: walitafuta msomaji wa tarakimu, nao mwalimu alizisoma barabara, ijapokuwa Waajemi wana namna yao ya kuandika nne, na tano yao hufanana na moyo uliopinduliwa. Kilichokwenda kombo ni hesabu iliyofuata. Mfumi wa Kiajemi hakuhesabu kwa miaka ya Masihi, alihesabu kwa Hijra. Mwaka wa Hijra unafuata mwezi, nao ni mfupi kwa siku 11 hivi, hata miaka 33 ya mwezi inakaribia 32 ya jua. Kwa hiyo njia ya kuugeuza ni hii: gawanya mwaka wa Hijra kwa 33, utakachopata kiondoe katika mwaka huohuo, kisha ongeza 622. Tujaribu kwa zulia mashuhuri la Ardabil lililo London, ambalo limefumwa tarehe yake waziwazi, 946. Ukigawa kwa 33 unapata karibu 29. 946 ukiondoa 29 ni 917. Ongeza 622, ni 1539. Ndiyo tarehe wanayoitaja wataalamu.

Sasa 1354. Gawa kwa 33, ni 41. Ondoa, zimebaki 1313. Ongeza 622: mwaka 1935.

Lakini pana mtego mwingine. Tangu mwaka 1925 Iran imefuata rasmi mwaka wa Hijra wa jua, na huo hugeuzwa kwa kuongeza 621 bila kugawa kitu. Kwa hesabu hiyo 1354 ni mwaka 1975. Tofauti ni miaka 40, na tarakimu hazisemi ni ya kalenda ipi. Mara nyingi mtu hulazimika kumwachia bingwa, ila safari hii ushahidi uko katika barua yenyewe: baba alilinunua zulia mwaka 1968, naye hakuweza kununua kitu kisichofumwa bado. Basi ni 1935, mwaka ambao serikali ya Uajemi iliziomba nchi za nje ziiite Iran.

Na tarehe yenyewe isiaminiwe peke yake. Tatu ya Kiarabu ina jino moja zaidi ya mbili. Mlaghai akichomoa mafundo machache ya jino hilo, 1350, yaani 1931, hugeuka kuwa 1250, yaani 1834, na zulia la zamani likawa la kale kwa mkasi wa kucha. Tazama kwa nyuma kama mafundo ya tarakimu yamekaa sawa na jirani zake. Pia uliza mahali. Ufumaji wa mazulia katika mji wa Qom ulianza miaka ya 1930 tu, kwa hiyo anayekuletea zulia la Qom la karne ya 19 usimkaribishe chai.

Mama anaeleza kwamba zulia la Mombasa linaonyesha maua yake yote nyuma, matamvua yametoka ndani, na mistari myeusi, kwa maneno yake, imezama. Tarakimu hazikuguswa. Hayo yote yanapatana na 1935. La chumba cha wageni lina kitambaa kigumu mgongoni, na tamvua la upande mmoja limefumuka mshono. Hilo ni la kiwandani.

Jibu langu kwa kaka ni kwamba zulia lao si la kale. Mwaka 1354 wa Masihi ndio mwaka ambao Ibn Battuta, aliyekuwa amefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alirudi kwao Morocco toka safari yake ya mwisho; zulia la umri huo lingekuwa limefungiwa ndani ya kioo, wala si kuuzwa bandarini na mabaharia. Na kwa mchuuzi jibu langu ni kwamba zulia lile si kuukuu. Ni zulia la zamani la mkono, lenye tarehe, lenye historia ya ununuzi, umri wake miaka 90 hivi, na kwa hesabu ya forodha litaingia katika fungu la vitu vya kale mwaka 2036, kama litakuwa zima.

Kama litakuwa zima: hapo namgeukia mdogo wao. Kipande cha zulia si theluthi ya zulia. Lile la Ardabil nililolitaja lilikuwa na mwenzake waliofanana kama pacha. Katika karne ya 19 yote mawili yalikuwa yameharibika, na mwenzake akakatwa ili apatikane kiraka cha kulitengeneza la kwanza. Lililotengenezwa lilinunuliwa na makumbusho ya Victoria and Albert mwaka 1893 kwa paundi 2,000, nalo lina urefu wa zaidi ya mita kumi. Lililokatwa liko Los Angeles tangu mwaka 1953, limepungua, halina hata pindo lake. Hao walikuwa na sababu ya kukata. Ndugu watatu wenye zulia moja zima hawana. Mmoja alichukue na kuwafidia wenziwe, au liuzwe na fedha zigawanywe. Wazee wa ukoo na wajuzi wa mirathi watawaonyesha mafungu.

Wakiamua kuliuza, wasimuuzie mtu wa kwanza kubisha hodi. Walipige picha mbele, nyuma na pembeni, pamoja na tarakimu. Walipime urefu na upana. Waweke rula juu ya mgongo wake na kuhesabu mafundo katika sentimeta kumi kwa marefu na kwa mapana. Waandike karatasi moja ya namna baba alivyolipata, mahali na mwaka. Nyumba kubwa za mnada za Ulaya hupokea picha na kutoa makisio bila malipo. Waulize mbili au tatu, si moja. Soko la Marekani wasiliweke katika hesabu, maana nchi hiyo ilizuia mazulia ya Iran mwaka 2010, ikayafungulia mwaka 2016, ikayafungia tena Agosti 2018.

Wakati huohuo litolewe chini ya kitanda leo. Nondo hutaga mahali penye giza pasipoguswa, na viluwiluwi vyao huila sufu kwa utaratibu kamili. Lipindueni, mlifagie pande zote mbili kwa ufagio laini, mlianike kivulini penye upepo, kisha mlivingirishe. Msilikunje, kwani kunjo hukata nyuzi za mtande. Mlifunge kwa shuka ya pamba, msilifunge kwa nailoni, ambayo hutoa jasho na kuleta ukungu. Msilifue kwa sabuni ya unga wala dawa ya kupaushia nguo, hata mgeni mheshimiwa akija.

Mwisho mama ameuliza kama zulia la kiwandani litupwe. Kwa nini litupwe? Likatwe matamvua yaliyofumuka, lipigwe vumbi, litandikwe sebuleni, na watoto wakae juu yake na sinia la wali.